Mjane Aliyekufa Kabla ya Mumewe

Tulimwacha Mama Mihuri dirishani pa masjala ya mahakama, mkono mmoja umeshika nondo, na karani ndiyo kwanza ameinua macho kutoka kwenye faili na kumwambia, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya misumari: "Mama, kwa mujibu wa faili hili, wewe ulishafariki."

Kama gazeti lako la wiki jana lilikwenda kufungia sabuni, jua tu kwamba mume wa mama huyu, mchonga mihuri ambaye mji mzima ulimwita Fundi, alikuwa na siku hamsini kaburini. Jua pia kwamba kaka yake mkubwa, anayeitwa Mwenyekiti kwa sababu hajapata kuingia kwenye kikao asikiongoze, alibadilisha kufuli la karakana siku ya tisa ya msiba, wakati shemeji yake yuko jikoni anaosha vikombe vya waombolezaji. Asubuhi hiyo Mama Mihuri alikuwa amekuja mahakamani kuuliza utaratibu wa mirathi. Akakuta shemeji ameshautangulia utaratibu.

Mama Mihuri hakuzimia. Alijitazama kwanza. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea, na kile cha kushoto kilikuwa kinambana kidole. Kwa kadiri alivyojua yeye, maiti habanwi na kiatu.

"Nimekufa lini, mwanangu?"

Karani alilamba kidole akafunua. Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa pili, kwa homa. Nakala ya cheti cha kifo ilikuwepo, imebanwa kwa pini. Fomu ya kuomba usimamizi wa mirathi ilijazwa kwa mwandiko safi, bila kufutafuta, na karani alikiri kwamba fomu nzuri kama ile haioni kila siku. Kwenye nafasi ya mke, mwombaji aliandika "alitangulia". Kwenye nafasi ya watoto alipiga mstari. Kwenye nafasi ya warithi palikuwa na jina moja tu, la kaka wa marehemu.

Mama Mihuri akasema basi anataka kuweka pingamizi. Karani, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamweleza taratibu kwamba pingamizi huwekwa na mtu mwenye haki kwenye mirathi, na marehemu haki zake huishia pale roho inapoishia. Mama Mihuri akamuuliza kama hamwoni amesimama mbele yake. Karani akasema anamwona vizuri sana, hata shikamoo amempa.

"Lakini macho yangu hayana muhuri, mama. Niletee barua ya ofisi ya mtaa kwamba uko hai. Yenye muhuri."

Hapo Mama Mihuri alikaribia kucheka. Muhuri wa ofisi ya mtaa aliuchonga mwenyewe.

Wengi mjini hawakulijua hilo. Kibao cha karakana kilikuwa na jina la Fundi peke yake, na wateja walimsifu Fundi peke yake. Lakini macho ya Fundi yalianza kufifia mapema, na kwa miaka kumi ya mwisho yeye alipokea oda, akachora herufi, akapiga soga na wateja, na nyuma ya pazia mkewe akashika kisu. Mihuri ya shule, ya zahanati, ya mabaraza, ya msajili, yote ilitoka kwenye mpira uliokatwa na vidole vyake. Alikuwa amezoea kusoma maneno kinyumenyume hata magazeti yalimchosha kwa kwenda mbele.

Akaenda ofisi ya mtaa. Huko alidaiwa kitambulisho. Kitambulisho kilikuwa kwenye droo ya karakana, nyuma ya kufuli jipya. Basi alete mashahidi wawili, akaambiwa, na mmoja lazima awe wa ukoo wa mume. Kwenye ukoo wa mume, mwenye kusikilizwa alikuwa mmoja.

Ndivyo ilivyotokea kwamba saa tisa mchana wa siku hiyohiyo mwanamke alikwenda kumwomba shemeji yake amtilie saini kwamba yu hai.

Mwenyekiti hakuhitaji kutafutwa mbali. Alikuwa sebuleni kwa Mama Mihuri, kwenye kiti cha Fundi, anapima ukuta kwa macho. Alimkaribisha vizuri. Akamwonyesha pa kukaa, kwenye kochi ambalo mama huyo alilishonea foronya kwa mkono wake, akamuuliza hali yake. Mama Mihuri akajibu kwamba kwa maandishi si nzuri, akaeleza shida yake.

Mwenyekiti alifumba macho, kama afanyavyo anapopima hoja nzito.

"Shemeji, suala la kuwa hai si la kuamuliwa na mtu mmoja. Hili linataka kikao."

Kisha akamwaga hotuba. Ukoo unamheshimu sana, alisema. Hakuna aliyesahau alivyomtunza marehemu. Lakini nyumba ni ya damu, na shemeji na marehemu hawakujaliwa mtoto, kwa hiyo kwa kweli, bila kumvunjia mtu heshima, yeye alikuwa mgeni aliyekaa miaka ishirini na mbili. Nguo zake atapewa zote. Vyombo vitaangaliwa. Akikubali kurudi kwao kwa amani, Mwenyekiti yuko tayari kushawishi wazee aandikiwe barua ya kuwa hai, walau ya muda, ili asisumbuke njiani.

Kufa kufaana, wanasema watu. Ila desturi ni kungoja aliyekufa afe.

Mama Mihuri aliinuka kwenye kochi. Alichosikia moyoni hakikuwa hasira bado. Ilikuwa aibu ya ajabu, kama ya mtu aliyegundua kwamba miaka yote ile alikuwa akipiga pasi mashati ya mtu aliyekuwa akimhesabu miongoni mwa makochi. Maana Mwenyekiti alifiwa na mke zamani, na nguo zake zilifuliwa na kunyooshwa katika nyumba ile, kila wiki, na shemeji mgeni.

Kesho yake alirudi mahakamani, akakaa kwenye benchi la nje bila kujua anangoja nini. Hapo ndipo alipokutana na Dada Kifungu.

Dada Kifungu ni mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa. Alikuwa nesi, akastaafu, akasomea msaada wa sheria kwa wiki sita, na tangu siku hiyo hajasema sentensi tatu bila kutaja kifungu. Hushinda kwenye mabenchi ya mahakama kama wengine wanavyoshinda sokoni, akitafuta mnyonge wa kusaidia, na asipompata huwasomesha askari. Alimsikiliza Mama Mihuri hadi mwisho. Kisha akafungua mkoba, akatoa kitabu kilichojaa vijikaratasi, na akaanza.

Kwa muda wa nusu saa Mama Mihuri alipigwa na vifungu mpaka kichwa kikauma, lakini chini ya makapi alipata punje. Kwamba mtu akifa, mali yake si ya kaka wala ya ukoo wala ya aliyewahi kununua kufuli. Inasubiri mahakama imteue msimamizi. Kwamba anayeigawa kabla ya hapo anaingilia mali ya marehemu, na hilo ni kosa. Kwamba mke aliyefiwa ndiye wa kwanza kusikilizwa, awe na watoto kumi au asiwe na hata mmoja. Kaka anaweza kuwa na chake, sheria itaamua, lakini nyumba ambayo mke alijenga na mumewe na kulala humo miaka ishirini na mbili, hakuna wa kumtoa kwa hotuba.

"Na barua ya mtaa?" aliuliza Mama Mihuri.

"Achana nayo. Maombi ya shemeji yako yanasikilizwa Alhamisi. Nenda ukakae mbele ya hakimu. Mtu hai akisimama mahakamani, huyo ni kielelezo."

Halafu akauliza kuhusu cheti cha kifo. Hapo Mama Mihuri alikuwa na jibu lake tayari. Nakala aliyoonyeshwa na karani ilikuwa na muhuri uliogeuka doa jeusi na mistari ya chini isiyosomeka, lakini hakuhitaji kuuona muhuri. Muhuri ule ni wa bandia, alisema. Mwenyekiti ameingia karakana, ameona vifaa, amejikatia mpira. Apewe karatasi yenyewe mkononi, na ataonyesha mahakama nzima palipokosewa. Dada Kifungu akafurahi, akatafuta kifungu cha kughushi, akakipata, akakikunjia kona. Kuanzia hapo hadi Alhamisi, Mama Mihuri alimwambia kila aliyemuuliza, na hata asiyemuuliza, kwamba muhuri wa bandia yeye anaunusa.

Alhamisi ikafika.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, madirisha juu, mabenchi yamekwanguliwa majina. Mwenyekiti alikuja na koti, faili la plastiki na wazee wawili wa kumsindikiza. Alipomwona shemeji yake mlangoni hakushtuka. Alimsalimia, akamuuliza kama amelala salama, akaenda kukaa mbele.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba na sura ya mtu aliyesikiliza uongo kwa miaka mingi bila kuuzoea. Alisoma maombi kimyakimya. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Alisema kwa mazoea, kalamu tayari iko juu ya karatasi.

Mama Mihuri akasimama.

Hakimu akamuuliza yeye ni nani kwa marehemu.

"Mimi ni mkewe, mheshimiwa. Yule aliyekufa."

Kuna mtu alicheka nyuma, askari akamkazia macho. Hakimu aliweka kalamu chini. Aliitazama fomu, akamtazama mama, akarudi kwenye fomu. Kisha akamgeukia mwombaji na kumuuliza kama anamfahamu mwanamke huyu.

Mwenyekiti alisimama, akafunga kifungo cha koti. Alikubali kwamba anamfahamu. Ni shemeji yake.

"Yu hai?"

Mwenyekiti alifikiri kwa muda ambao mtu mwaminifu asingeuhitaji.

"Kwa kumwangalia hivi, mheshimiwa, ndiyo."

Hakimu akataka kujua ilikuwaje basi akaapa kwamba alitangulia. Mwenyekiti akaeleza kwa utulivu, na hata wazee wake wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Alipokuwa akipanga vitu vya marehemu ndugu yake alikuta cheti kwenye droo. Kina namba. Kina muhuri. Yeye ni raia mtiifu, maisha yake yote hajapata kubishana na karatasi ya serikali.

"Serikali ikisema shemeji yangu amefariki, mheshimiwa, mimi ni nani hata nimwone?"

Hakimu aliisukuma fomu pembeni. Kisha akauliza swali ambalo hakuna kitabu cha Dada Kifungu kilichokuwa nalo. Aliitazama kola ya Mwenyekiti iliyonyooka, akataka kujua lile shati alilovaa siku aliyokwenda kuapa, nani alilipiga pasi.

Mwenyekiti alitazama dari. Alitazama faili lake. Wazee wake walitazama viatu.

"Shemeji," alisema.

Sasa, msomaji, kama umewahi kuona tairi linavyotoka pumzi bila kelele, umeshamwona Mwenyekiti alivyokaa.

Amri zikatoka hapohapo, na hakimu alizisema taratibu ili karani aandike. Maombi yamesimamishwa. Kufuli la karakana liondolewe leo, mbele ya askari. Hakuna kijiko kitakachotoka katika nyumba ile, wala mtu atakayepima ukuta wake, mpaka mahakama iteue msimamizi, na mke wa marehemu atasikilizwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Akaongeza, akimtazama Mwenyekiti juu ya miwani, kwamba sheria haimjui mgeni wa miaka ishirini na mbili. Inamjua mke.

Mama Mihuri alikaa kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alitamani Fundi angekuwepo, si kwa majonzi, bali amsimulie tu. Dada Kifungu alimfinya mkono na kumnong'oneza kwamba bado, kilichobaki ndicho kitamu.

Kilichobaki kilikuwa cheti. Hakimu alisema kama kimeghushiwa, jambo hilo ni la polisi, na mtu anaweza kutoka chumbani humo moja kwa moja hadi selo. Alikuwa amesikia kwamba mjane ana utaalamu wa mihuri. Akamwagiza Mwenyekiti atoe cheti halisi. Mwenyekiti alikitoa kwenye faili la plastiki, askari akakipeleka.

Mama Mihuri alikipokea kwa kujiamini. Akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

Wino ulikuwa wa zambarau, umekolea. MSAJILI WA VIZAZI NA VIFO, yaliandikwa kwa duara. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye neno la kwanza, kwenye herufi J, na hapo yakakwama. Mkia wa J ile ulikuwa na pengo dogo, kama umeng'atwa na mchwa. Alilijua pengo lile. Siku alipokuwa akiikata, Fundi alisema mzaha kutoka upande wa pili wa pazia, yeye akacheka, kisu kikateleza. Wakakubaliana kwamba hakuna atakayeona. Muhuri ukaenda ofisini hivyohivyo, na uko huko hadi leo.

Haukuwa wa bandia. Ulikuwa muhuri wa kweli wa ofisi ya kweli, na kifo chake kilikuwa kimegongwa kwa mpira alioukata kwa mkono wake.

Chini ya muhuri paliandikwa jina la aliyetoa taarifa ya kifo. Mbele ya jina, uhusiano: mume. Mbele ya uhusiano, saini.

Fundi alikuwa na saini ya madaha, iliyomalizikia na kiduara. Mama Mihuri aliiona kwenye kitabu cha ndoa, kwenye barua, kwenye kila stakabadhi ya karakana. Angeitambua hata gizani kwa kidole.

Mwezi wa pili, miaka mitatu iliyopita. Alikumbuka Fundi alisafiri mwezi huo kwenda kutafuta mpira wa bei nafuu. Alikaa wiki mbili. Aliporudi hakuwa na mpira wowote, na alilala siku mbili ameelekea ukutani.

"Mama," hakimu alisema. "Tunakusubiri."

Dada Kifungu alikuwa ameshafungua kitabu kwenye ile kona iliyokunjwa. Mbele, Mwenyekiti alikuwa akimtazama shemeji yake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hotuba usoni. Alikuwa amejua. Ameiona saini ile kabla yake. Na alijua pia kwamba katika mji mzima hakuna mtu mwingine wa kusoma pengo lile la herufi J. Mama Mihuri akisema neno moja tu, la bandia, shemeji analala selo, nyumba inatulia, na jina la Fundi linabaki safi kama lilivyozikwa.

Neno hilo alikuwa amelisema wiki nzima. Lilikuwa limezoea njia ya kinywa chake.

Alikikunja cheti, akakikunjua. Aliwaza kwamba ameishi miaka kumi nyuma ya pazia la mtu, akikata maneno ambayo watu wengine waliyaamini kwa sababu yeye aliyakata sawasawa. Kama leo atasema uongo juu ya muhuri, hatakuwa na ufundi wowote wa kurithi.

"Muhuri ni wa kweli, mheshimiwa," alisema. "Nimeuchonga mimi. Na saini ni ya mume wangu."

Dada Kifungu alifunga kitabu. Mwenyekiti alivuta pumzi ndefu, akaanza kusema kwamba yeye tangu mwanzo alieleza, lakini hakimu alimnyamazisha kwa kalamu. Cheti kuwa cha kweli hakukifanyi kiapo chako kuwa cha kweli, alimwambia. Jumatatu atarudi kueleza ilikuwaje akamwapia kifo mtu aliyemnyooshea kola. Amri za nyumba na karakana ziko palepale.

Kisha akanyoosha mkono, akarudishiwa cheti. Alikigeuza. Nyuma yake palikuwa na maandishi madogo ya mkono ambayo hakuna aliyeyajali, si karani, si Mwenyekiti, si mjane. Hakimu aliyasogeza karibu na miwani. Alisoma mara moja. Akasoma tena.

Aliomba mlango wa chumba ufungwe. Askari akaufunga.

"Cheti hiki hakitolewi kwa maneno matupu," alisema polepole. "Hapa pana namba ya kibali cha mazishi. Daktari aliona maiti ya mwanamke, akatia saini. Makaburi ya manispaa, safu ya kumi na moja, kaburi la nne. Amezikwa kwa jina lako, mama, na aliyemzika ni mume wako."

Akavua miwani.

"Sasa wewe uko hapa. Kule kalala nani?"